Filamu Tatu za Siku za Mbalamwezi
(Maneno niliyowaambia vijana wa kamera na wageni wao, Kigoma)

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu wa mwaloni, vijana wangu wa kamera, na ndugu zetu mliotoka Ujiji na Mwandiga: asalamu aleikumu, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za jioni.

Nimeombwa niseme nilichokiona katika filamu tulizoangalia pamoja kuanzia Ijumaa mpaka jana. Kazi yangu mnaijua: harusi, vipaimara, maulidi, misiba. Kwa hiyo nitazungumza kama mtu anayeshika kamera kwa ajili ya ugali wake. Nikiangalia filamu najiuliza kamera imewekwa wapi, imekaa hapo kwa muda gani, na nani ameachwa nje ya picha. Hilo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi safari hii, na ndilo nitakaloshikilia.

Kwanza niwapongeze waliochagua siku. Ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapumzika ufukweni na wenyewe wanashona nyavu. Ndiyo maana safari hii wenye ziwa walikuwa mstari wa mbele. Kuangalia filamu ya boti ukiwa umekaa bega kwa bega na fundi wa mitumbwi kutoka Kibirizi si sawa na kuiangalia peke yako kwenye simu, na nitawaonyesha kwa nini.

Ijumaa tulianza na The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951. Wengi mlikuja kwa sababu mlisikia ni habari ya meli yetu, Liemba. Ni kweli, ila kwa mbali. Mwandishi wa Uingereza, C. S. Forester, alitoa riwaya mwaka 1935 iliyochota kutoka vita ya kwanza ya dunia katika Ziwa Tanganyika, akabuni watu wake na safari yao. Ilipofika zamu ya filamu, picha zilipigwa Uganda na Kongo, nyingine ndani ya studio Uingereza. Kwa hiyo mzee aliyeuliza kwa sauti, "Mbona ng'ambo sioni milima?", aliona sawasawa kabisa. Lile halikuwa ziwa letu.

Sehemu niliyoipenda ni ile ya shafti kupinda na propela kuvunjika. Charlie Allnut, nahodha wa boti, aliyechezwa na Humphrey Bogart na kumpatia tuzo ya Oscar, anasema hapo safari imekwisha. Rose, dada wa mchungaji anayesafiri naye, aliyechezwa na Katharine Hepburn, hakubali. Wanaitoa shafti majini, wanawasha moto ufukweni, wananyoosha chuma, wanaunga kilichovunjika. Muongozaji angeweza kabisa kuturusha mpaka kesho yake na boti ikiwa nzima. Hakufanya hivyo. Alikaa nao mpaka kazi ikaisha. Nikamsikia fundi wangu pembeni akisema polepole, mikono yake ikienda kama naye yuko pale: "Shafti haitaki haraka. Unaipasha, unaigonga, unaiviringisha uone kama inayumba, unaipasha tena." Baadaye akabisha: kuunga panga la propela kwa moto wa kuni, alisema, hapo wametudanganya kidogo. Ubishi huo ulitoka nao nje, wakausimamia barabarani, na walioondoka mwisho walikuwa mafundi. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa filamu: watu wa kazi kubishana juu ya kazi waliyoiona.

Sasa rudini mwanzo wa filamu hiyo hiyo. Tuko kanisani kijijini, watu wanaimba wimbo wa dini ambao ni dhahiri hawaujui, na mchungaji na dada yake wanahangaika kuukokota. Wajerumani wanaingia, nyumba zinachomwa moto, wanakijiji wanaswagwa na kuondoka. Mchungaji anapigwa, anaugua, anakufa, anazikwa, analiliwa. Vizuri, binadamu alilie ndugu yake. Lakini wale waliokuwa wanaimba wako wapi? Wamepelekwa wapi? Nani amekufa njiani, nani amerudi akakuta majivu? Filamu inaendelea mpaka mwisho na haiulizi tena. Tunapokuja kuwaona Waafrika kwa ukaribu tena ni askari walio ngomeni juu, wanafyatua risasi. Nchi nzima imebaki na watu wawili, mto, na wadudu.

Hili linaniuma kwa sababu watu wale hawakuwa wa kubuni. Vita ile katika Afrika Mashariki ilibebwa mabegani. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu na maelfu, na wengi waliuawa na njaa, kuhara na uchovu kuliko risasi. Meli yetu yenyewe, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa kwenye reli ya kati ambayo ilifika hapa Kigoma mwaka 1914. Kiwanda kilituma mafundi wachache tu. Kubeba, kuinua, kupanga mabati, kugonga ribiti, hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya Waafrika na Wahindi, hapa hapa bandarini kwetu, mpaka meli ikaingia majini mwaka 1915.

Na upande wa pili? Waingereza walileta boti zao mbili ndogo, zilizoitwa Mimi na Toutou, kutoka Ulaya hadi Cape Town, wakazipandisha treni kuelekea kaskazini, kisha wakazivusha milima na misitu ya Kongo mpaka ziwani. Vitabu vinamtaja sana kiongozi wa msafara, Spicer-Simson. Barabara ile ilikatwa na nani? Madaraja ya magogo yalijengwa na nani? Maji ya kunywesha zile injini za mvuke zilizovuta boti yalichotwa na kubebwa na wanawake wa Kongo, vichwani. Ningeiona filamu ya hao akina mama kwa siku tatu mfululizo bila kuchoka.

Mwisho wa filamu, mnakumbuka, meli ya Wajerumani, ile Charlie na Rose waliyokuwa wanaifuata, inalipuka. Mwisho wa kweli ni mwingine. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua sote, Liemba. Humu ndani kuna watu waliozaliwa vijijini kusini ambako meli hiyo ndiyo ilikuwa basi, ndiyo soko, ndiyo gari la wagonjwa. Mwaka 2015 ndiyo hiyo hiyo iliyokwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana ufukweni. Watu waliopanda siku zile, na mabaharia waliowapokea, wengi wao wako hai na wanakumbuka. Kijana anayeniambia Kigoma haina stori anikute baada ya kikao.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Jane, filamu ya Brett Morgen ya mwaka 2017. Nitakaa hapa kidogo, maana hii nimeipenda na imenisumbua kwa kiasi kile kile.

Wakubwa hapa mnaijua habari yake. Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe, msitu wa sokwe ulio kando ya ziwa hapa kaskazini mwetu, tarehe 14 Julai 1960, Tanganyika bado iko chini ya Uingereza, na kwa kuwa wakubwa wa serikali hawakukubali msichana akae porini peke yake, mama yake alikuja naye. Amefariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na nilipowaona wazee wawili wakisimama filamu ilipokwisha, nilielewa.

Vijana, mimi nawataka mumtazame aliyeshika kamera. Hugo van Lawick, Mholanzi, alifika Gombe mwaka 1962. Hakuwa na memori kadi. Alikuwa na mkanda wa milimita 16, na mkanda wa futi 100 unakwisha kabla ya dakika tatu. Ukibonyeza mapema, umeisha kabla sokwe hajafanya lolote. Ukichelewa, amefanya na umekosa. Sasa kumbukeni zile picha za sokwe anayechomeka jani kwenye kichuguu, anasubiri, analitoa taratibu limejaa mchwa, analipitisha mdomoni. Kamera haitingishiki. Haimkimbilii. Nilihesabu pumzi zangu pale. Kijana wa siku hizi angekuwa amekwishazumu mara nne.

Mikanda ile ilikaa kwenye ghala la National Geographic kwa miongo, ikapatikana mwaka 2014, zaidi ya saa 100, bila sauti. Sauti zote za msituni mlizozisikia ziliwekwa baadaye, kipande kwa kipande. Kazi ya ajabu. Muziki wa Philip Glass ni mzuri pia, ila kwa sikio langu ni mwingi mno. Aliyewahi kulala Gombe anajua wito wa sokwe unavyopanda bondeni na kujibiwa upande wa pili. Wito huo hauhitaji vinanda vya kuusindikiza, na mara mbili tatu nilitamani mtu avizime.

Kitu kingine cha kitaalamu. Jane amekuja 1960, Hugo amekuja 1962. Basi zile picha nzuri za binti aliye peke yake, miezi ya kwanza, akipanda vilima na darubini, haziwezi kuwa za miezi ya kwanza. Zimepigwa baadaye, mtu mwingine akiwa amesimama mbele yake na kamera. Uediti ndio uliomfanya awe peke yake. Sioni kosa kubwa hapo, ila ninyi mnaojifunza lazima mlione, maana kila mnapokata picha mnaamua nani alikuwapo na nani hakuwapo.

Halafu ile sehemu ya Flo na mwanawe Flint. Flo amezeeka, Flint amekua lakini bado anataka kubebwa mgongoni, bado anataka kulala na mama yake. Flo anakufa kijitoni mwaka 1972. Flint anakaa pale, hali, hachezi, na baada ya wiki chache naye anakufa. Ukumbi ulinyamaza. Kisha mama mmoja anayeanika dagaa, yuko hapa na sitamtaja, akasema: "Yule mtoto alidekezwa mno." Watu wakacheka kidogo, lakini yeye alikuwa analia. Jane mwenyewe, aliyewaangalia miaka yote ile, alifika karibu na hapo hapo: kwamba Flo alikuwa amechoka mno kumwachisha mwanawe. Mwanamke wa mwaloni na mtafiti wa dunia nzima wamesoma uso mmoja wakaelewana. Ndiyo nguvu ya kamera iliyokubali kusubiri.

Lakini angalieni pembeni mwa picha. Kuna mitumbwi. Kuna wavuvi waliopiga kambi ufukweni na kuanika dagaa wao kwenye kokoto. Kuna wanaume wanaobeba mizigo, kuna wagonjwa waliopanga foleni kwa mama yake Jane aliyekuwa anawagawia dawa. Wanapita. Kamera ile ile yenye subira ya ajabu kwa sokwe haikai nao.

Kuna historia kubwa hapo. Majina kama Hilali Matama, Eslom Mpongo na Hamisi Mkono yamo katika vitabu vya utafiti wa Gombe. Watu wa mkoa huu. Mwezi Januari 1974, Hilali Matama ndiye aliyekuwa msituni akashuhudia kundi la sokwe wa Kasakela likimshambulia Godi, sokwe wa kundi la pili la msituni humo lililoitwa Kahama, tukio lililofungua ile vita ya sokwe ambayo dunia nzima iliijadili. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo, Zaire ya wakati ule, waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Wageni wakaondolewa. Utafiti ukasimama? Haukusimama. Watanzania waliendelea kupanda vilima kila alfajiri, wakafuata sokwe mpaka kwenye viota, wakaandika walichokiona, kwa Kiswahili. Utafiti ulioanza mwaka 1960 haujakatika mpaka leo kwa sababu hao hawakulala. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema wahenga, lakini hawa walikuwapo! Walikuwapo kila siku. Kilichokosekana ni mtu wa kugeuza kamera upande wao.

Wengine watasema filamu ni ya Jane, iachwe iwe ya Jane. Nakubali. Jina liko juu ya bango. Hugo alipiga kile alichotumwa kupiga, na Morgen alikata kile alichokikuta kwenye mikanda. Simlaumu yeyote kati yao kwa kumpenda Jane. Ninachosema ni kwamba nusu ya pili ya stori hiyo bado ipo, iko kijijini Mwamgongo, iko Kigoma mjini, ina wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao wamo humu ndani wameshika simu zenye kamera bora kuliko ya Hugo.

Jana tukamaliza na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Kwa hii nitakuwa mfupi, maana mlioisoma riwaya ya Shafi Adam Shafi kidato cha tano na cha sita mnaweza kunifundisha. Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin anayetoroka ndoa ya mume mzee, Denge na wenzake wanaopambana na Waingereza. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Niliona baadhi yenu mnajinyoosha katikati. Ni filamu isiyo na haraka, na kwa watu tuliolelewa na muvi za kukimbizana inataka kuzoea. Mimi sikutaka iishe. Baada ya siku mbili za kusoma maandishi chini ya skrini, na kijana wetu kusimama pale mbele kutafsiri mpaka sauti ikamkauka, ghafla watu wanaongea na ukumbi wote unaelewa, mpaka bibi aliyekuja kumsindikiza mjukuu. Na wanaoamua mambo katika filamu hiyo ni wenyeji. Mvua ikinyesha, inawanyeshea wao. Mkutano wa siri ukifanyika, tunakaa ndani nao, hatuusikii kwa mlango. Stelingi anaweza kukosea, anaweza kukamatwa, lakini hatoki kwenye picha kumpisha mtu mwingine.

Ningependa zaidi kuona watu wakifanya kazi katika filamu hiyo, wachukuzi, wapishi, mafundi. Inapenda sana nyuso, na nyuso ni nzuri, ila mikono nayo inasema.

Nikiwa kwenye hili la kutafsiri, niwatetee watafsiri wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, maana kuna waliowacheka Ijumaa. Wale jamaa wanachukua muvi ya Hong Kong au ya Marekani, wanampa adui jina la mtaani, wanamweka stelingi kwenye foleni ya maji ya mtaa wetu wa Mwanga, na watu ambao hawakuwekwa kwenye filamu hiyo na yeyote wanajikuta wamo. Ni njaa ile ile ninayoizungumzia. Watu wanalipa ili wasikie kwao kunatajwa.

Sasa kazi. Mwezi unaanza kupungua. Giza likirudi, mitumbwi itaingia ziwani na sisi tutaingia nayo. Nimekwishazungumza na wenye mitumbwi wawili wa Kibirizi na wamekubali kuchukua vijana wachache, kwa masharti yao: maboya ya kujiokolea yavaliwe, hakuna kusimama wakati wavu unavutwa, na nahodha akisema rudini, mnarudi. Taa zao ni za betri na sola, zina mwanga mkali kwenye maji na giza totoro kila upande, kwa hiyo jaribuni kamera zenu mapema kwenye giza la nyumbani, na mpime uso wa mtu, msipime maji. Upepo wa ziwa utaua sauti zote; fungeni maiki kwa kitambaa cha sufu, na mwenzenu mmoja kazi yake iwe kusikiliza tu.

Kundi la pili litabaki ufukweni na mama zetu alfajiri dagaa wanaposhuka. Hapo ndipo pesa inapobadilika mikono, ndipo bei inapozaliwa, na sijaona mtu aliyekaa hapo na kamera tangu ndoo ya kwanza mpaka dagaa wa mwisho wakauke. Mkae. Mtu akianza kuanika, msimwache mpaka amalize. Ombeni ruhusa kwanza, kwa jina, mmoja mmoja, na anayekataa aheshimiwe bila kuulizwa sababu. Picha zikishaunganishwa, wa kwanza kuziona ni wao, kabla hamjarusha popote.

Kundi la tatu ni la wazee wa Liemba na wazee wa Gombe. Kundi hili siwapi vijana wanaopenda kuongea. Nataka wanaoweza kunyamaza mzee akinyamaza, wasikimbilie swali la pili. Wapo wazee watatu waliokubali kukaa nasi, na mmoja wao afya yake si nzuri, kwa hiyo tunaanza na yeye wiki hii, asubuhi, kabla hajachoka.

Karatasi ya majina iko kwa dada pale mlangoni. Andika jina, kundi unalotaka, na kama una betri ya ziada au taa andika pia, maana tulizonazo hazitoshi kwa usiku mzima. Wazee, mama zangu, chai iko tayari. Asanteni kwa kunisikiliza.